Badilisha Mtazamo, Paa Litajijua

Siku hizi mtu hawezi kununa kwa amani. Ukikunja uso kidogo tu, hata kama kununa kwako kuna risiti, anatokea mwenye shati la kunyooshwa na meno meupe kukuambia kwamba tatizo si tatizo, tatizo ni unavyolitazama tatizo. Huyo wetu aliletwa kazini. Uongozi ulikuwa umetangaza kwamba nyongeza ya mshahara ya mwaka huu imesogezwa mbele, na ili tusiumie sana ukatuandalia semina ya kudhibiti hisia. Semina kamili: projekta, maji ya chupa, sambusa mbili kila mtu. Posho hakuna.

Mtaalamu alizungumza vizuri, sitamdhulumu. Alisema tukio lenyewe haliumizi, kinachoumiza ni namna mtu anavyolitafsiri, na kwamba ukilitafsiri upya maumivu yanashuka. Kisha akataka kila mmoja ataje jambo linalomkera ili wenzake wamsaidie kulitafsiri. Dada wa masijala akasimama, akasema linalomkera ni nyongeza. Ukumbi ukanyamaza. Mtaalamu akatazama meza kuu, meza kuu ikatazama sambusa. Hatimaye akasema, "Hebu tuichukulie kuwa ni akiba yetu, ila bado hatujakabidhiwa." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana bosi alikuwa ameelekeza macho upande wetu.

Ningeliacha jambo hilo palepale ukumbini, lakini nina mpwa anayesoma saikolojia chuo kikuu, ambaye kila Jumapili huja kula kwetu na kulipa kwa elimu. Nilipomsimulia nikitarajia anisaidie kucheka, akaweka kijiko chini. "Mjomba, hicho kitu si utapeli. Kimepimwa."

Akaanza kunihesabia. Huko Marekani, miaka ya 1960, mwanasaikolojia Richard Lazarus na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya ajali za kiwanda cha mbao, mashine na vidole vya binadamu. Walioambiwa mapema kwamba wale ni waigizaji na damu ile si damu, miili yao ilitulia kuliko ya walioachwa watazame hivihivi. Filamu ileile, vidole vilevile. Mwaka 1998 akaja James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford na filamu ya kwake, ya madaktari wakimkata mtu mkono. (Nilimuuliza mpwa kama watu hawa hawana filamu za harusi. Akaniambia nisimkatize.) Gross aliwagawa watu 120 makundi matatu. Kundi moja likaambiwa litazame tu. La pili likaambiwa litazame lakini lisionyeshe chochote usoni, mtu akiwaangalia asijue wana nini moyoni. La tatu likaambiwa litazame kwa jicho la ufundi, kisu kinapita wapi na kwa nini, bila kujitia kwenye mkono wa yule mgonjwa.

Kundi la pili lilifanikiwa kuweka nyuso za mbao. Lakini karaha ilibaki ndani palepale, na miili yao ilihangaika kuliko ya wale walioruhusiwa kukunja sura watakavyo. Kundi la tatu ndilo ambalo karaha yenyewe ilipungua.

Watu wa kundi la pili nawajua. Ndio waliotulea. Marehemu baba yangu aliangukiwa na boriti begani akasema "si kitu," na akaishi na hiyo si kitu yake bila kuinua mkono hadi Idi. Mwanaume halii, mwanaume hasemi, mwanaume presha inampanda akiwa amekaa kwenye kiti chake cha uvivu anasikiliza taarifa ya habari. Kwa hiyo hapo nilikubaliana na mpwa mia kwa mia: kubana uso si kutuliza moyo. Na aliponiambia kwamba tangu mwaka 2002 kuna watu wamekuwa wakilazwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakitafsiri upya picha mbaya, na kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huamka, huku kile kijisehemu cha kupiga kengele ya hatari kiitwacho amigdala kikishuka, nilikubali pia. Sina ugomvi na amigdala.

Ugomvi wangu ni kwamba kitu hiki kinaletwa kwetu kwa projekta kana kwamba hatukuwa nacho. Sisi? Sisi tunatafsiriana upya tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu!

Juzijuzi nilikuwa Kariakoo, mkono wa mtu nisiyemjua ukaingia mfukoni mwangu ukatoka na simu. Sijafika hata kwenye kona, wafasiri wamejaa. Muuza soksi akaniambia nishukuru sikuchomwa kisu. Mzee mmoja akauliza, je, ingekuwa begi lenye hati ya nyumba? Nikamwambia sina nyumba. "Basi ndiyo ushukuru zaidi," akasema, akaenda zake ameridhika. Nyumbani, jirani yetu muuza maandazi alitafakari kidogo, akaniambia huenda simu ile ingekuja kunilipukia usiku. Mtaani kwetu mzee alivunjika mguu wa kushoto akaambiwa ashukuru si wa kulia. Mwenzake akavunjika wa kulia, akaambiwa ashukuru si yote miwili. Sijui aliyevunjika yote miwili huambiwa nini, ila nina hakika wana la kumwambia, na watalisema wakiwa wameshika vikombe vya chai yake.

Saa ile, nikiwa na mfuko mtupu, sikutaka tafsiri ya mtu. Aliyenisaidia ni kijana wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani. Nilipomwambia nimeibiwa, alisema "pole mzee wangu," kisha akanipigia porojo za Simba na Yanga kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Tabata bila kuvuta pumzi. Nilipoteremka nilikuwa nabishana naye kuhusu penalti, simu nimeisahau. Mpwa anasema hilo nalo linajulikana: mwaka 2011 Gal Sheppes na wenzake waliwapa watu uchaguzi, na kwenye machungu madogo watu walichagua kutafsiri upya, lakini machungu yalipokuwa makali walichagua kugeuza fikra zao kwenda kwingine kabisa. Yule kijana hajasoma saikolojia. Lakini alijua kwamba mtu aliyeibiwa dakika kumi zilizopita si wa kupewa falsafa.

Na falsafa yenyewe, kumbe, ni ya zamani. Mpwa alinitajia Epictetus, mtumwa wa zama za Warumi aliyekuja kuwa mwalimu, ambaye alifundisha karibu miaka 1,900 iliyopita kwamba watu hawasumbuliwi na mambo bali na rai zao juu ya mambo. Alikuwa kiwete. Inasimuliwa kwamba bwana wake alimpinda mguu kwa ukatili, naye kwa upole akamwambia kwamba ukiendelea utavunjika. Ulipovunjika akamkumbusha kwa upole uleule kwamba si alimwambia. Mpwa alisimulia hayo macho yakimng'aa kwa heshima. Mimi niliwaza kitu kimoja tu: huyu angekuwa mpangaji mzuri sana. Mwenye nyumba wangu angempenda.

Hata hivyo sikutaka kuitwa mkaidi, kwa hiyo nilianza kufanya mazoezi. Mpwa alinipa zoezi la Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye pamoja na wenzake alionyesha mwaka 2014 kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake, badala ya kusema "mimi, mimi," anapata nafasi ya kulitazama jambo kwa mbali, na hofu au hasira inapungua. Nikalipeleka kwenye daladala. Konda alikuwa ameing'ang'ania chenji yangu, shilingi mia mbili, na kila nikimwangalia anaangalia paa la gari. Nikajiita kwa jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho cha taifa, nikajiuliza: kwa nini bwana huyu amekasirika kwa ajili ya mia mbili? Yeye ni mtu mzima. Ana watoto. Dada aliyekaa pembeni yangu akahamisha mkoba wake, halafu akajihamisha mwenyewe. Baadaye ndipo mpwa aliponieleza kwamba mazungumzo hayo hufanywa kimoyomoyo. Lakini sina malalamiko sana, nilisafiri siti mbili peke yangu kutoka Buguruni. Chenji sikupewa.

Zoezi la mwenye nyumba lilikuwa baya zaidi. Kuna Alison Wood Brooks wa Harvard, ambaye mwaka 2014 alionyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi asihangaike kujiambia atulie; moyo uliokwisha kwenda mbio hautulii kwa amri. Ajiambie tu kwamba amesisimka, ana hamu. Waliojiambia hivyo kabla ya kuimba mbele ya watu waliimba vizuri zaidi, na kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi. Basi mwenye nyumba alipopiga simu, mwisho wa mwezi, moyo ukadunda, nikajiambia haraka: nina hamu, nina hamu, nina hamu. Nikapokea kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nipange kwake. Yule mzee si mjinga. Alisikiliza sauti ile kidogo, akaisoma kuwa ni sauti ya mtu mwenye hela, akaniambia kwa furaha kwamba basi safari hii tusihangaike na miezi sita, nimpe ya mwaka mzima.

Sasa nifike kwenye paa.

Masika haya paa letu lilianza kuvuja upande wa chumbani. Si kuvuja kwa kutisha, ni kule kwa adabu: tone, kimya, tone. Nikampigia mwenye nyumba, safari hii bila hamu yoyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kuna Wazungu wanalipa dola nyingi kule Zanzibar walale wakisikia maji. Wewe unayapata bure." Nikabaki na simu sikioni. Mtu huyu hakuhudhuria semina yetu, lakini angeweza kuiendesha.

Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba ilifanya kazi. Usiku ule niliweka ndoo upande mmoja na sufuria upande wa pili, nikalala chali, nikajiambia haya si maji ya paa bovu, haya ni maji ya mapumziko. Ndoo ikalia kwa sauti nzito, sufuria ikaitikia kwa nyembamba. Zikapokezana. Nikazifuatisha kwa kidole juu ya shuka. Mapigo ya moyo yakashuka, amigdala yangu, popote ilipo, ikalala, na mimi nikalala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Sayansi ni kweli kabisa, ndugu msomaji. Nilikoroma.

Mke wangu hakuwa amehudhuria semina. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka kumwaga ndoo.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, alijifunga kanga mbili, akachukua ndoo ikiwa na maji yake, akaenda nyumbani kwa mwenye nyumba wakati watu wanatoka msikitini. Akaamkia wazee wote, shikamoo mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote alizofundishwa kwao. Akaketi barazani, ndoo mbele yake. Alipoulizwa anataka nini akasema hataki kitu, amekuja tu kurudisha maji ya mwenye nyumba, maana yamemwagikia kitandani kwake kwa muda na yeye si mtu wa kukaa na mali ya watu. Wazee waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mmoja akasimama kabisa. Alasiri haijaadhiniwa, fundi yuko juu ya paa letu na mabati mapya mawili.

Hakutafsiri kitu upya. Alikasirika kwa tafsiri ileile ya kwanza, ya asili, kwamba paa linavuja na lina mwenyewe.

Mpwa aliposimuliwa hayo alicheka mpaka wali ukampalia, na aliponyweshwa maji akasema: "Unajua, Mjomba, hata hilo limepimwa." Nikahisi mkono wangu unatafuta kitu cha kumrushia. Kumbe mwaka 2013 Allison Troy na wenzake waliwachunguza watu waliokuwa wamepita kwenye misukosuko ya maisha, wakapima ustadi wao wa kutafsiri upya. Kwa wale ambao msukosuko wao ulikuwa wa jambo lisilo mikononi mwao, wenye ustadi mkubwa walikuwa na dalili chache za sonona. Lakini kwa wale ambao jambo lao lingeweza kubadilishwa, ustadi uleule uliendana na dalili nyingi zaidi. Yaani dawa hii ni ya misiba, ya magonjwa, ya mvua yenyewe inayonyesha. Si ya bati. Mtu mwenye fundi mtaani na ngazi ya kuazima, ukimfundisha kufurahia matone umemharibu.

Nilimuuliza kwa nini habari hiyo ya 2013 haikuwemo kwenye projekta ya ofisini. Akasema pengine muda haukutosha.

Muda! Sambusa ziligawiwa kwa dakika arobaini.

Mimi nilivyoona, hii kazi ya kutafsiri upya ina mwelekeo mmoja tu, inateremka. Sijawahi kusikia mwenye nyumba akishauriwa aichukulie kodi iliyochelewa kuwa ni fursa ya kujifunza subira. Sijaona bosi akiketishwa ukumbini, akapewa maji ya chupa, akaambiwa kwamba kuchelewa kwangu dakika kumi hakumuumizi, kinachomuumiza ni tafsiri yake. Mimi nikichelewa kwake, ni tukio. Nyongeza ikichelewa kwangu, ni mtazamo. Nikidaiwa, ni hela. Nikidai, ni hisia zinazohitaji kudhibitiwa. Dada wa masijala ndiye mtu pekee aliyeuelewa ule mchezo siku ya kwanza, na nasikia ameshahamishiwa tawi la mbali, ambako ninaamini ameshauriwa achukulie kuwa ni utalii.

Nimwonee huruma mtaalamu? Kidogo. Aliitwa kuja kutuliza watu, akatuliza watu. Lakini angefika akauliza swali moja kabla ya kuwasha mashine yake: hili linalowakera, kuna mtu humu ndani mwenye uwezo wa kulimaliza? Vidole vyote vingeelekea meza kuu, na sote tungekwenda nyumbani mapema.

Paa limekauka, lakini ndani ya nyumba hali haijakauka. Mke wangu ana swali ambalo huliuliza bila kutumia maneno, kwa kuweka chai mezani kwa nguvu kidogo kuliko kawaida: ulikuwa unakoroma? Nilijaribu kumweleza kwamba sikuwa nakoroma, nilikuwa nadhibiti hisia. Chai iliyofuata ilikuja bila sukari.

Mpwa, ambaye sasa anaiona nyumba yangu kuwa maabara, akaja na la mwisho. Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walizifuatilia jozi 120 za wanandoa kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza ndoa zote zilipungua ladha kidogokidogo, jambo ambalo nadhani halikuhitaji utafiti. Mwaka wa pili nusu yao wakapewa kazi: andika kuhusu ugomvi wenu, lakini kwa jicho la mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote na anayewatakia heri nyote wawili. Dakika 7 kila mara, mara 3, jumla dakika 21 kwa mwaka mzima. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013: walioandika, ndoa zao ziliacha kushuka. Za wengine ziliendelea kuteremka. Dakika 21! Mimi natumia zaidi ya hapo kutafuta soksi.

Hili sikulikataa, maana ugomvi wa ndani hauna mwenye nyumba wa kupelekewa ndoo. Jumapili jioni tukaketi mezani, kila mmoja na karatasi yake, mpwa akashika saa. Mimi niliandika kwa uaminifu. Mtu wangu wa tatu alikuwa mpita njia mwenye busara, umri wa makamo, aliyechungulia dirishani usiku ule akaona mume aliyechoka na kazi akipumzika kwa haki yake, na mke mwema aliyekuwa na usingizi mwepesi kwa maumbile. Alituonea huruma sote wawili kwa kiasi sawa. Mke wangu alisoma karatasi ile, akaisoma tena, akauliza huyo mpita njia amejuaje kwamba unapenda mto wa upande wa ukutani.

Kisha akanipa ya kwake. Mtu wake wa tatu, asiyeegemea upande wowote, alishuka kwenye basi la Tanga akiwa na kikapu cha embe, akaingia ndani, akaona ndoo, akaona sufuria, akaniona na mimi, akauliza, "Mwanangu, huyu mume wako yu hai?" Dakika saba ziliisha mtu huyo akiwa ndiyo kwanza anavua viatu. Mke wangu alikuwa ameshamwomba mpwa karatasi ya pili, na mpwa, mla wali wangu wa kila Jumapili, alikuwa ameshampa.